Kauli ya Dunda

Walipomfunga kilemba pale barazani kwa Jumbe
walimvua jina kwanza,
kama mtu avuavyo viatu mlangoni mwa msikiti.
Tangu siku hiyo hakuwa Kondo bin Mwinyigogo.
Alikuwa Kauli ya Dunda,
kama mwenzake alivyokuwa Kauli ya Gongoni,
na yule mfupi, mwenye kigugumizi akiwa kwake
na ulimi wa wembe akiwa kazini,
Kauli ya Kaole.

Cheo kina miiko, babu alinieleza
huku akipaka baragumu mafuta ya nazi.
Kauli hasemi "mimi".
Kauli haongezi chumvi, hapunguzi pilipili.
Akitumwa kwa adui hapigwi kofi,
maana mjumbe hauawi, na cheo hakina shavu.
Akifa, cheo hakizikwi.
Kinatundikwa msumarini pamoja na joho,
kumsubiri mwingine mwenye mabega.

Bibi peke yake ndiye aliyemwita Kondo,
usiku, taa ikishazimwa,
kwa sauti ya mtu anayeomba maji.

Mwaka wa kuandikisha watu, karani akauliza: Jina?
Kauli.
Kazi?
Kauli.
Mzee, neno moja halijazi visanduku viwili.
Babu akamtazama kama mtu aliyeambiwa
alipie kodi kivuli chake.
Karani akaandika: mpiga honi.
Tulicheka mpaka Idi.

Kisha ile Alhamisi.
Baragumu lililia mara tatu njia panda ya sokoni,
muuza vitumbua akapunguza moto, watu wakasimama;
mbiu ikilia ina jambo.
"Enyi watu wa Dunda, mnaarifiwa:
Mwanamkasi binti Pazi hatunaye.
Maziko baada ya alasiri.
Alikuwa mke wa..."

Hapo akanyamaza.
Miaka arobaini na moja
hakuwahi kusita katikati ya tangazo.
Akavua kilemba,
akakiweka juu ya gunia la mchele la mtu.
"...mke wa Kondo," akasema,
kwa sauti ndogo, ya mtu anayeomba maji.

Nami, mfuko wa dagaa mkononi,
nikamsikia mwanamke nyuma yangu
akimnong'oneza mwenzake:
Kondo?
Kondo ndiye nani?