Ziwa Lisilo na Trauti

Ramani tuliitandaza mezani mwezi wa Machi,
pembe zake tukazikandamiza kwa kopo la sukari,
kisu cha siagi, miwani yake,
na mkono wake wa kulia,
ule ambao tangu Novemba hulala popote unapowekwa.

Nje, Ontario bado ilikuwa nyeupe.
Urho akapitisha kidole cha kushoto
kwenye njia yetu ya miaka thelathini:
toka gatini, kuvuka ziwa kubwa lenye umbo la buti,
maili tisa za maji yasiyo na pa kujibanza.
"Trauti wako huku," akasema,
na neno trauti likamtoka limelegea upande mmoja.

Mimi nilikuwa nahesabu mambo mengine.
Upepo wa magharibi, unaoamka saa nne asubuhi
kama mtu aliyekuja kudai deni.
Njia za nchi kavu kati ya ziwa na ziwa,
hatua mia tatu, mia saba, elfu mbili,
mtumbwi na mizigo
juu ya mabega mawili, siyo manne tena.
Nilitafuta maji membamba, yenye kona,
yenye visiwa vya kukinga mgongo,
na ufuko wa mchanga mnono
ambapo mtu anaweza kushuka bila kuruka.

Nilimpigia Bernadette wa duka la mitumbwi
kutoka chumba cha kufulia, mashine ikinguruma
nisisikike.
Hakuuliza kwa nini.
"Kuna ziwa moja halina jina, lina namba tu.
Babu yangu alitega nyavu pale.
Maji yake rangi ya chai. Upepo hulipita kwa juu."
Samaki je?
"Paiki. Wa kuwafurahisha watoto."

Usiku ule nikamwambia Urho nimechoka.
Motaboti, nikasema, na wale watalii na redio zao.
Akanitazama
kama anavyokagua fundo lililofungwa na mtu mwingine.
Kisha akachukua penseli. Kwa mkono wa kulia.
Duara likaanza vizuri, likawa yai,
likakatika kwenye kinamasi, likapotea,
likarudi na kulizunguka ziwa lenye namba.
Yeye ndiye aliyelichora; mimi sikuwa nimelitaja.

"Hapo hapana trauti."
"Najua."

Juni tukaenda.
Nikakaa nyuma, mahali pake;
naye mbele, mahali pangu, kasia limelala mapajani,
mpini wa fimbo ya kuvulia umebanwa kwapani.
Mbu walitusoma mstari kwa mstari.
Biva alipiga maji kwa mkia wake bapa,
paa! tukashtuka wote wawili, tukacheka,
na ziwa likafunga mdomo tena.
Siku ya pili akanasa paiki mmoja, urefu wa kiwiko,
mdomo wa bata, meno ya msumeno.
"Mdogo," akasema, hakumrudisha majini.
Tulimla na vitunguu,
tukitema miiba yenye matawi
hadi giza likakataa kuingia, likaingia nusu.

Upepo ulifika usiku wa tatu.
Tuliusikia ng'ambo ya kilima, kwenye ziwa la buti,
ukivuma kama malori barabara kuu.
Kwetu maji yalikunjamana kidogo tu,
kama maziwa yanapovuta utando.
Urho akatoka hemani, akasimama
na shati lisilofungwa vifungo,
akisikiliza kwa muda ambao sikuupima.

"Kule leo kungekuwa na kazi."
Nikachochea moto, sikujibu.
"Bado umechoka?"
"Kidogo."
Akacheka, kwa ule upande unaocheka.
"Basi chai."

Nikamimina.
Mkono wa kushoto ukapokea kikombe;
wa kulia ukafuata nyuma,
ukachelewa,
ukafika.