Karai Langoni

Saa nne kasorobo, kengele bado,
mafuta yangu yameshaanza kuongea.
Nageuza viazi kwa mwiko uliopinda,
nahesabu: thelathini vya shilingi kumi,
ishirini vya tano, kwa wale wanaokuja wawili wawili
wakichanga sarafu kama watu wazima wanaojenga nyumba.

Jumatatu ile akaingia kijana wa Huduma ya Taifa,
sare ya kijani, buti zinazong'aa kuliko sufuria zangu,
kwapani picha ya sahani iliyokatwa pande
kama shamba la ndugu wasiogombana.
Ekiru, jina lake. Wa Lodwar.
Mrefu, akiinama mlangoni utadhani anasali.

Kufikia Jumatano viazi kumi na vinane vimelala.
Alhamisi, ishirini na sita.
Mtoto wa darasa la tatu, kamasi puani,
akasimama mbele ya karai, mikono nyuma:
"Mama Nanjala, haya mafuta ni ya tangu lini?"
Tangu lini!
Nikayaangalia mafuta.
Yakaniangalia, meusi, yamenyamaza.

Nyumbani nako si pa kupumulia.
Nanjala wangu, niliyempa jina la njaa
kwa kuwa alizaliwa mwaka mahindi yalipokauka yakiwa magotini,
ameweka kijiko cha sukari mezani kama ushahidi wa mahakama.
"Kimoja, mama. Si vinne."
Kisha akanifundisha mrenda.
Mimi!
Akanieleza majani yake yalivyo, na damu inavyoyataka,
mimi niliyeyachuma nikiwa mgongoni mwa bibi
kabla sijajua kuhesabu vidole,
nikayaacha yote kwenye stendi ya Webuye
siku niliyopanda basi na sanduku la bati kuja Kayole.

Ijumaa nikajifunga leso, nikaingia shuleni,
maneno nimeyapanga kama machungwa sokoni,
makubwa juu.
Nikamkuta nyuma ya tangi la maji
na watoto kumi na wawili na magunia saba.
Terere limeshika, managu yamenyong'onyea kwa kiu,
na mrenda, Mungu wangu,
umesongamana kama watu kwenye foleni ya unga.
"Nani kakufundisha kupanda hivi?"
"Kitabu."
"Basi hicho kitabu hakijawahi kula mboga."
Watoto wakacheka. Naye akacheka.
Nikapiga magoti, nikapunguza miche,
na yale maneno makubwa sijui niliyaangusha wapi.

Saa nane, madarasa yakiimba hesabu,
akaja langoni akitazama nyuma kama mwizi wa kuku.
Posho haijaingia, wiki ya tatu sasa.
"Mama, viwili. Na pilipili.
Tafadhali, watoto wasijue."
Nikampa vitano.
Akala wima, mgongo kwa ukuta wa shule,
na kati ya kiazi na kiazi akanisimulia:
kwao, mwaka mbaya, waliguguna tunda la mkoma
mpaka meno yakachoka kabla ya tumbo.
"Ekiru ni mvua. Nilizaliwa siku iliyonyesha.
Mama hakutaka ipite bila kuandikwa."
Nikamwambia maana ya Nanjala.
Tukanyamaza kidogo,
tukijifuta vidole kwa karatasi ya daftari,
hesabu za mtu, mbili zimekosewa.

Jumatatu nikamwaga mafuta, nikaweka mapya.
Msinipigie makofi. Kodi ya nyumba haiulizi
sahani imekatwa pande ngapi.
Karai liko palepale.
Ila kando yake kuna beseni, na kitambaa, na nduma za kuchemsha,
saba siku ya kwanza: nne zikaondoka,
tatu tukala sisi, na mrenda, na kijiko kimoja.

Leo yule wa kamasi amerudi,
shilingi kumi imeloa kiganjani.
Hajanunua bado. Mikono nyuma.
"Mama Nanjala, hii imechemshwa saa ngapi?"

Nikafunua kitambaa,
nikauacha mvuke umjibu.