Gari la Mkate

Tulilinunua kwa mwoka mikate wa Mbarara.
Ubavuni bado limechorwa mkate unaofuka moshi,
na ukilala kifudifudi, mbao zinanukia hamira.

Watu wanne, magodoro mawili.
Okwir hulala miguu nje ya mlango.
Biira huhesabu fedha za kopo la maziwa kila usiku
kana kwamba mchana zilizaa.
Elfu kumi na moja:
ama petroli ya kutufikisha Kasese
ama roleksi nne na sabuni.
Tulikula. Sabuni tukaisahau.

Kando ya ziwa la kasoko, nje kidogo ya Fort Portal,
mvua ilipiga bati hadi alfajiri
na Atuhaire akaapa, mara ya saba, kurudi kwao.
Mguu wa nani huu?
Wako.
Basi usiusukume.

Ukungu haujainuka, tukakuta foleni.
Wanawake wawili, mzee na redio yake, watoto.
"Mkate bei gani?"
Tukafungua mlango waone wenyewe:
sufuria, soksi, Okwir.
Wakacheka, wakaenda zao.
Ila msichana mmoja, wa miaka minane hivi,
aliweka sarafu ya mia tano juu ya boneti,
akasema atapitia kesho.

Tulikuwa tuondoke siku ile.
Sarafu ilishinda pale pale, imelowa,
na hakuna aliyewasha injini.
Jioni Biira akauliza, bila kututazama,
kilo ya unga wa ngano
huku inauzwaje.