Ukurasa wa Nne

"Kizuri chajiuza," anasema Bi Mwantumu.
Namwonyesha simu. Andika fundi baiskeli Tanga, bonyeza.
Wa kwanza yuko Arusha.
Wa pili alifunga duka mwaka juzi, namba yake haiiti.
Wa tatu anauza pikipiki.
Nateleza kidole, nateleza,
hadi ukurasa wa nne, chini kabisa,
kama spoku iliyodondokea uvunguni:
duka lake, la Barabara ya Kumi na Tatu, Ngamiani,
na juu yake jina alilopewa na aliyemtengenezea tovuti:
"Ukurasa wa Mwanzo".

Mwanzo wa nini, mama?
Nani, mnyororo umemkatikia Pongwe, jua la saa saba,
atakayetafuta ukurasa wa mwanzo?

Anafuta grisi kwenye kanga.
"Basi lipe jina."

Nikalipa: Fundi Baiskeli na Spea, Ngamiani, Tanga.
"Hata 'bora' hujaweka?"
Bora hakuna anayelitafuta, mama.
Watu hutafuta kilichovunjika.

Usiku akanipigia. Mpwawe Kihiyo kamshauri
tujaze baiskeli baiskeli baiskeli,
herufi nyeupe juu ya weupe,
mtambo uone, binadamu asione.
Nikamwuliza: mteja akikusalimu
nawe ukamjibu "baiskeli" mara arobaini, atakaa?
Akacheka hadi akakohoa.
"Ataniitia shehe anisomee."

Siku tatu nilikaa kwenye benchi lake na daftari.
Sikuandika lolote langu. Niliandika wanavyosema:
pedeli ya kushoto ya Foniksi,
gololi za mbele,
kuziba pancha bei gani,
ringi imepinda.
Hakuna aliyeuliza "suluhisho endelevu la usafiri",
nami nikalifuta, lilikuwa limekaa juu pale kwa herufi kubwa
kama bwana harusi wa kukodi.
Pancha nikaipa kichwa chake na ukurasa wake,
pancha ikaelekeza kwenye tyubu, tyubu kwenye pampu,
jino kwa jino, mnyororo ukashika.

Picha kumi na moja, kila moja megabaiti sita.
Mtu wa Maramba mwenye bando la mia tano
angeona nusu tairi, kisha giza.
Nikazikondesha.

Halafu nikamwambia: mtambo hauoni.
Kila picha iandikiwe kilichomo.
Na wapo watu wasioona, simu zao huwasomea.
Tukaenda vizuri, pampu, kengele, tandiko,
hadi picha ya saba, isiyo na jina ila namba.
Huyu nani?

Kaunta ilikuwa na vumbi; akaifuta, akaifuta tena.
"Andika," akasema, nami nikachapa kwa kidole kimoja:
Fundi Semboja akinyoosha ringi ya baiskeli ya mtoto wa shule,
mlangoni pa duka, Barabara ya Kumi na Tatu.
Kofia kaivaa upande.
Hadai pesa.

Mama, hilo la mwisho halionekani kwenye picha.
"Linaonekana."

Nikaliacha.

Wiki ya sita tukapanda ukurasa wa kwanza, nafasi ya tano.
Wiki ya saba tukashuka, ya nane tukarudi.
Sijui ni neno gani lililotuvuta; mtambo hausemi.
Arusha bado yuko juu.

Lakini Jumanne asubuhi akaingia baba mmoja,
mkono begani kwa mwanawe, simu ikining'inia shingoni,
macho yake yakiangalia juu kidogo ya vichwa vyetu.
Mtoto anakokota baiskeli, gurudumu la mbele lina umbo la yai.
"Hapa ndipo kwa Semboja?" akauliza.
"Simu imenisomea kwamba ringi ya mwanafunzi
hamdai pesa."

Nikainamia daftari langu.
Bi Mwantumu akanitazama mimi,
akaitazama ringi,
akanyoosha mkono bila kugeuka, ukutani,
kwenye msumari ambao spana ile haikuwa imeondoka
tangu mwaka ule.