Mdomo wa Mtutu

Siku ya tisa leo Mcha hajakaa barazani.
Kakaa ukumbini, juu ya mkeka wangu wa ukindu,
na bunduki ya upepo aliyoachiwa na marehemu ami yake
kaibana magotini kama mtoto anayekataa kunyolewa.

Kisa ni Ussi, mtoto wa dada yake,
aliyeutumia mtutu kung'olea kisiki cha mpera.
Kisiki hakikutoka. Mtutu ukapinda mdomo.
Mcha hakumpiga. Alimwambia neno moja tu,
na Ussi akabeba viatu mkononi
akarudi kwao Donge bila kuvivaa.

Basi ukakatwa. Vidole vitatu,
kwa msumeno wa kuazima, nusu ya meno hauna.
Kipande kikaanguka sakafuni, kikalia *ti*,
kama sarafu isiyonunua kitu.

Jioni akalenga kopo la maziwa juu ya ukuta wa choo.
Akapiga ndoo yangu.
Akalenga tena, akapiga kamba ya kuanikia;
kanga zangu mbili zikashuka matopeni,
na kunguru kwenye bati la jirani akacheka,
nami, Mungu anisamehe, nikacheka naye.

"Tatizo mdomo," akasema. "Chembe ikitoka,
kitu cha mwisho inachokigusa ni huu ukingo.
Ukiwa na kijino, hata kidogo kuliko punje ya mchanga,
upepo unavuja upande huo kwanza, unaisukuma,
nayo inakwenda ilikosukumwa, siyo ulikolenga."

Fundi wa mjini kataka elfu sitini.
Elfu sitini! Kunguru wote wa Chaani
ukiwauza na manyoya yao hawafiki.

Kwa hiyo tupa, na pembetatu ya hesabu
kutoka mkoba wa skuli wa Mwanakhamis.
Kisha skrubu ya shaba, kichwa mviringo,
kaing'oa kwenye bawaba ya mlango wetu wa mbele
(mlango sasa unachechemea),
kaifunga kwenye drili ya mkono ya Vuai seremala,
kaipaka unga wa kusagia valvu, ule mweusi wa pikipiki.
Anazungusha, anayumbisha kiganja, isile upande mmoja.
Anafuta. Anamulika kwa simu. Anazungusha.

Nikamhesabia kwa sauti: unga elfu mbili,
tupa elfu tatu, bawaba, kanga,
na vifaranga kumi na mmoja walionyakuliwa
mlinzi wao akisugua chuma.
"Mm," akasema.

Usiku wa nane akaniomba pamba, ile ya masikio.
Akaipitisha ukingoni, kutoka ndani kuja nje,
kama anayemfuta mtoto maziwa.
Ikanasa.
Uzi mmoja mweupe ukabaki umesimama kwenye chuma,
ukitikisika kwa pumzi yake.
Akaazima pumzi nyingine, akaanza upya.

Leo alfajiri pamba imepita, pande zote.
Ukingoni pana duara la mwanga, jembamba,
kama pete iliyokosa kidole.
Kopo likatoboka. Akapiga tena: tundu lile lile.
Akanigeukia na uso ambao sijauona
tangu siku alipokuja kunichumbia na kofia ya kuazima.
"Umeona?"

Nimeona.
Nikaiokota ile pamba, upande uliobaki safi,
nikamsogelea mpaka kwenye ndevu,
nikampitishia mdomoni, kushoto kwenda kulia,
polepole, kama alivyonifundisha bila kujua.
"Nini tena, mwanamke?"
"Natafuta kijino. Siku ya tisa leo, Ussi hajaja."

Kunguru alishuka muda huo huo,
akamchukua wa kumi na mbili, mwenye doa shingoni.
Bunduki ilikuwa imeegemea ukuta, imejaa, imenyooka.
Hakuna aliyeigusa.
Mcha alikuwa ameshainama chini ya kitanda,
anatafuta viatu.