Tisa ni Tatu

Lutengano alikuja na kiboksi cheupe,
kidogo kama kipande cha sabuni ya kuogea.
Fundi Gwamaka akakifunga ukutani
palipokuwa na kalenda ya kanisa.
Kalenda ikahamia mlangoni, kwa msumari uleule.

"Mama, hita ile chini ya dirisha haina akili.
Akili iko hapa.
Mshale wa juu, joto linapanda. Wa chini, linashuka.
Hapa unaweka saa, hapa siku.
Ukivuruga, gandamiza hiki mpaka uhesabu tano,
kitasahau yote."

Nikawaza, laiti ningekuwa na kitufe hicho
mwaka ule nyumba ya akina Kilasi
ilipolala na jiko la mkaa ndani,
na asubuhi tukavunja mlango.
Mwanangu hakusema kwa nini amenunua.
Sikumuuliza.

Kinaonyesha tisa. Tisa za nini?
"Nyuzi, Mama. Baridi ya humu ndani."
Julai, Mjimwema, Njombe:
nje sakitu juu ya majani ya viazi
kama chumvi iliyonyunyizwa na mchoyo,
ndani sisi na makoti yetu
kama abiria waliochelewa basi.

Yeye akaenda zake Makambako. Nikabaki na mishale.
Naamka saa kumi na moja, nikasema,
basi na kiwake saa kumi na moja.
Nikaandika 11:00, nikajisifu.
Alfajiri nikatetemeka kama jana.
Saa tano asubuhi niko shambani, mlango nimefunga,
hita ikawaka kwa bidii zote,
ikapasha joto viti na paka,
ikala uniti za LUKU
kama mgeni asiyejua kuna kesho.

Kumbe kiboksi huanza siku yake usiku wa manane,
hata jogoo hana habari.
Toa sita, jumlisha sita!
Mimi, niliyeuza maandazi miaka thelathini
bila kukosea chenji,
nimeshindwa na saa.

Mume wangu alitazama mara moja tu, akageuka.
"Hicho si changu. Mimi saa yangu ni jua."
Lakini nikienda jikoni narudi nakuta ishirini na mbili.
Akienda kuchungulia ng'ombe
anarudi anakuta kumi na saba.
Hatuulizani.
Yeye hukohoa kidogo, kikohozi cha kusingizia.
Mimi husoma mita ya umeme kwa sauti.
Miaka arobaini na moja ya ndoa,
tumegombania mpaka wa shamba, jina la mtoto, mbuzi wa mahari,
hatujapata kugombania tarakimu.

Usiku wa kuamkia jana
niliamka saa tisa kukanda unga, kama siku zote.
Nikajikunja kabla ya kushusha mguu,
kama mtu anayeingia mtoni.
Sakafu haikuniuma.

Hita ilikuwa inapumua polepole.
Ukutani, 03:05, na chini yake kumi na nane:
si ishirini na mbili yake,
si kumi na saba yangu.

Yeye kalala, mdomo wazi,
blanketi kalivuta lote upande wake, hajabadilika.

Nikamulika mlangoni kwa simu.
Pembeni mwa kalenda, kwa penseli ya seremala,
mwandiko wake ulioinama kama ua bovu:
9 ni 15. Kakata.
9 ni 21. Kakata, karatasi imetoboka.
Halafu kwa herufi kubwa, kama anayemfundisha mtoto:
9 NI 3.

Sikumwamsha.
Nikapima unga kilo tano, hamira, maji ya vuguvugu,
nikafunika beseni kwa kanga
na kuliweka karibu na hita, liumuke.
Mishale sikuigusa.