Jua la Vipande

Kumi na moja.
Daktari kijana wa Bugando aliizungushia kalamu nyekundu,
akaniuliza, kwa upole wa mtu anayelijua jibu,
"Mama Limi, huyu mtoto hutoka nje?"

Nikatazama mikono yangu.
Mimi niliyekaushwa na jua la Igombe miaka kumi na minne,
ninayejua saa kwa kukanyaga mchanga,
ninayegeuza dagaa kabla tumbo halijalegea,
nikasema, "Hutoka."
Uongo ule ukanuka kuliko kapu langu.

Limi ni jua, kwa Kisukuma.
Bibi yake alimpa jina hilo kwa kuwa alizaliwa saa sita kamili,
mchana usio na kivuli.
Alikuwa na miaka mitatu nilipoanza kufunga mlango.
Nilisema ni kwa sababu ya ziwa,
kwamba atatembea tu, aingie majini bila kugeuka.
Nilisema ni mashine ya kusaga, ni korongo wa jalalani,
wanaomfanya azibe masikio na kulia hadi atapike.
Yote kweli.
Na kweli nyingine ilikuwa Ng'washi, jirani,
aliyeniuliza mbele ya wateja
nilikanyaga nini nikiwa na mimba.

Hali dagaa. Hali sato, hali kiini cha yai.
Wali mweupe, sahani ileile ya bluu,
na chembe moja nyeusi ikionekana, chakula kimekwisha.
"Damu yake ina njaa ya jua," daktari akasema.
"Sisemi ndiyo iliyoleta usonji.
Sisemi jua litauondoa.
Nasema mifupa."
Akanipa chupa ndogo ya matone.
Nilipenda alivyosema mifupa.
Mifupa haina aibu.

Nyumbani nikaketi, nikamtazama
kama sikuwahi kumtazama.
Bati letu lina tundu la msumari.
Saa tatu, sarafu ya mwanga huanguka karibu na mtungi;
Limi huweka kiganja juu yake,
ikisogea naye husogea,
kidogo kidogo, hadi ukutani, hadi inapokufa.
Kumbe siku zote hizo alikuwa akiokota
jua la ukubwa wa ukucha.

Jumanne nilimfunga kitambaa masikioni,
tukatoka kabla mashine haijawashwa.
Mchangani hakukaa. Aliingia chini ya chanja,
pale wavu unapochuja mwanga ukawa sarafu elfu,
akanyoosha mikono yote miwili,
hakujua aanzie wapi.
Siku hiyo dagaa walikauka upande mmoja.
Sikuwageuza.

Nitarudi Bugando baada ya miezi mitatu.
Nina swali, daktari, usinicheke:
jua la vipande, lililopenya katikati ya dagaa,
nalo huhesabiwa?